Miaka Thelathini na Sita ya Papa Hemedi na Hewa ya Kisangani

Wenzangu wa kituo cha hali ya hewa, nawasihi: someni karatasi hii kisha muifiche. Isifike mezani kwa mkuu wetu mpya. Mimi ni karani tu, nina miezi minane kazini.

Papa Hemedi anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na sita ya kupima hewa. Alianza na vipimajoto vya uwanjani, akaishia kuwa mkuu wa maputo yanayopanda na kisanduku cha vipimo hadi yapasuke. Hata wiki ya mabomu, mwaka 2000, hakuruka kipimo: alitambaa uwanjani, akasoma joto, akatambaa kurudi, akaandika.

Mara moja kisanduku kilianguka karibu na Yanonge. Mama Hélène, muuza samaki, alikileta kwa pirogi, mtumbwi wake, amefura kwa hasira.

"Papa, avion yenu, ile ndege yenu, imetaga yai kwa shamba yangu!"

Papa Hemedi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alichukua kwanga, mkate wa muhogo uliofungwa kwa majani, akaanza kuyabandua. "Ona, mama. Jani ya inje ni kule puto inapasukia. Kule kuna ozoni, inatukinga na jua. Hii ya kati ni ya mawingu na mvua."

"Na sisi tuko wapi?"

"Kwa ile ya ndani kabisa, inanatana na kwanga. Miti, samaki, wewe, mimi, wote tunaishi kwa jani moja hiyo."

"Bon, basi usiitoboe na visanduku vyako!"

Mwezi uliopita mkuu aliamuru stoo iondolewe karatasi kuukuu, ziuzwe sokoni. Orodha niliiandika mimi, bila kufungua daftari hata moja. Kosa ni langu. Jumamosi, sokoni Mangobo, Papa Hemedi alinunua karanga, akakunjua kikaratasi kilichozifunga, akakuta mwandiko wake: vipimo vya Machi 1994. Hakugomba. Alinunua karanga zote za beseni, akakaa kwenye benchi ya muuzaji, akafungua kifurushi kimoja kimoja, akiwagawia wapita njia karanga na kunyoosha karatasi juu ya goti.

Jumatatu aliniambia tu: "Mutoto wangu, na vipimo vya miaka ile ndiyo tulionyesha kama joto ya musitu inapanda. Bila hiyo, nani atatuamini?"

Madaftari sitini na moja yaliyobaki stoo nimeyahamishia kwangu, safari tatu za toleka, baiskeli ya abiria, chini ya mafungu ya pondu, majani ya muhogo. Nilitoa mali ya kituo bila ruhusa. Mkuu akijua, nafukuzwa, nayo yanarudi sokoni. Ni lazima yanakiliwe kabla hajauliza.

Papa Hemedi, asante kwa kila saa uliyosimama juani kwa ajili yetu. Mungu akupe afya wewe na mkeo, Mama Aziza, na asubuhi ndefu za kulala.

Anayeweza kunisaidia kunakili asipige simu ofisini. Njoo Mangobo Jumapili, baada ya misa. Uliza nyumba ya Grâce mshonaji, ndipo ninapoishi, sema umeleta suruali ya kupunguza. Bisha mlango wa nyuma. Njoo na kalamu. Mimi ninayo moja tu.