Nicodemus Kaingu, Mkuu wa Weita wa Hoteli ya Zidaka (1906–1949)

Ndugu yetu Nicodemus Kaingu alizaliwa Rabai tarehe 9 Mei 1906, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Menza na Mama Nyevu. Alibatizwa akiwa mchanga, akasoma shule ya misheni hapo hapo Rabai hadi mwaka 1921, baba yake alipofariki na karo ikakosekana.

Alianza kazi Mombasa kama mpishi msaidizi katika nyumba ya afisa mmoja Kizingo. Mwaka 1938 aliajiriwa katika Hoteli ya Zidaka, Mji wa Kale, ilipofunguliwa. Ilikuwa nyumba kuukuu ya mawe, na walioijenga upya waliuacha mlango wa nakshi na zile zidaka, vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo, wakaongeza ghorofa mbili za saruji, taa za umeme, mabafu ya maji moto na lifti. Siku ya kwanza Nicodemus alivua viatu kabla ya kuingia katika lifti, akidhani ni chumba cha mtu. Alisimulia kisa hicho mwenyewe, akicheka kuliko wote. Mwaka 1943 alifanywa mkuu wa weita.

Alifunga ndoa na Eddah Wanza tarehe 14 Desemba 1935. Walikaa Majengo, wakajaliwa watoto wanne.

Mwenye nyumba ile ya zamani, Bi Mwanakhamis, aliiuza kwa sharti la mdomo: chumba chake cha chini kibaki chake mpaka afe. Hoteli ilipofunguliwa, meneja wa kwanza alimthibitishia bibi ahadi hiyo mbele ya Nicodemus, aliyekuwa akiwaandalia kahawa. Meneja huyo alifariki wakati wa vita. Mwaka 1946 meneja mpya alitaka chumba kile kiwe baa. Gharib, mpwa wa bibi, akalalamika kwa wenye hoteli, nao wakaja kusikiliza. Asubuhi ya siku hiyo meneja alimwambia Nicodemus, "Wewe sema hukuwapo."

Bi Mwanakhamis naye alimwita. "Mwanangu, usipoteze kazi kwa ajili yangu. Mimi n'na jamaa zangu Kuze, watanipokea."

"Mama," alimjibu, "nikikana leo, kesho nitakuletea chai kwa uso gani?"

Alipoulizwa mbele ya wote alisema, "Nilikuwapo. Bwana alimpa mkono bibi, akamwambia chumba ni chako maisha yako yote. Nilisikia kwa masikio yangu."

Wenye hoteli waliamuru bibi asiguswe. Walipoondoka tu, Nicodemus aliachishwa kazi. Alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akamwambia mkewe, "Eddah, nimefukuzwa, lakini nina njaa." Wakala kwanza, ndipo akaeleza. Miaka iliyofuata hakuficha kwamba aliikosa sana kazi ile, na kwamba ilimuuma kupita mbele ya mlango wa hoteli. Hata hivyo alipita, akizungukia mlango wa nyuma kumjulia hali Bi Mwanakhamis, ambaye yumo chumbani mwake hadi leo. Kila Idi bibi naye alituma sahani ya biriani Majengo.

Nicodemus alipata kazi ya kibarua bandarini Kilindini. Katikati ya mwaka 1948 alianza kukohoa. Alilazwa mara mbili kwa ugonjwa wa kifua. Mara ya pili aliomba arudishwe Rabai, kwa mamaye. Alifariki Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama yake, Nyevu. Mjane wake, Eddah. Ndugu yake Chirau, anayesoma maneno haya. Na watoto Crispus, Mariamu, Yohana na Menza. Menza ana miezi minne. Hatamkumbuka baba yake. Basi sisi tuliosimama hapa, tuliokula naye na kufanya kazi naye, tutamweleza alikuwa mtu gani.

Mungu ampokee ndugu yetu, ampe pumziko lenye amani.