Neno "Bado" kwenye Ubao wa Idara

Ijumaa, tarehe 8 Novemba 2024, Profesa Turdubek Sarygulov alitoka wodini mjini Bishkek, plasta ya sindano ikiwa bado mkononi, akaenda kuketi kwenye baraza la kutahini tasnifu la Idara ya Siasa. Kanuni ilidai wajumbe wasiopungua saba kati ya tisa. Walifika sita, yeye akiwemo. Mwanafunzi wake, Begaiym, alisimama mbele yao na karatasi zake mpaka kikao kilipoahirishwa.

Marehemu Profesa Sarygulov alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko At-Bashy, mkoa wa Naryn, mtoto wa tatu wa mchunga farasi. Alisoma shule ya kijijini, na majira ya baridi, wazazi walipokuwa na mifugo, alilala kwa shangazi yake. Mwaka 1975 aliingia chuo kikuu Bishkek, wakati huo mji ukiitwa Frunze, akahitimu 1980 na kubaki kufundisha. Nchi ilipoacha ukomunisti mwaka 1991, somo lake la siasa lilifutwa. Aliingia darasani akasema, "Niliyowafundisha mwaka jana, leo nibishieni. Atakayenishinda anapata alama." Waliomshinda hawakuwa wachache, na wote aliwapa.

Mwaka 1983 alimuoa Anarkul, muuguzi. Siku ya posa alipeleka kymyz, maziwa ya farasi yaliyochacha, ndani ya chupa ya soda, akaiweka karibu na jiko. Kizibo kiliruka kikampiga baba mkwe shavuni. "Huyu ameanza vita kabla hajaoa," mzee alisema, kisha akamkubalia.

Begaiym alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho. Alichunguza jinsi wakubwa wa wilaya moja walivyogawiana malisho na ndugu zao, na majina aliyataja. Septemba simu zikaanza kupigwa idarani. Wakati huohuo ripoti ya mwaka ilikuwa inadaiwa, na idara, kwa desturi yake ya kutangaza mafanikio kabla hayajatokea ili ripoti isichelewe, ilikuwa imeshabandika kwenye ubao wa koridoni: Begaiym ametetea tasnifu yake na kufaulu.

Kikao kilipovunjika, mkuu wa idara, Emilbek, alimkuta mzee mbele ya ubao ule.

"Agai, mwalimu wangu, nenda kapumzike. Ubaoni keshafaulu. Nani atauliza?"

"Emil, mwanangu, mimi nilikufundisha kuhesabu kura. Kuhesabu bila kura kakufundisha nani?"

"Wakubwa wana simu, Agai. Mimi nina watoto."

"Na huyu binti ana nini?"

Mzee alitoa penseli mfukoni, akaandika "bado" pembeni ya jina la Begaiym, akaegemea ukuta mpaka pumzi iliporudi. Neno lile halijafutwa.

Moyo ulikuwa ukimsumbua tangu 2021. Jioni ileile alirudi wodini, na hakutoka tena. Jumamosi tarehe 16 alimwambia mkewe, "Siku ya kunizika, Jolchu atawauliza watu nani ananidai. Ndiyo mila. Mwambie aulize pia mimi namdai nani."

"Utawaaibisha watu msibani, baba Meerim."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Jolchu ni mdogo wangu, namjua, ataona haya."

"Na mimi sioni haya?"

"Wewe ulishazoea kunibeba. Basi andikeni hilo kwenye wasifu wangu, asome mtu mwingine."

Alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 17 Novemba, mkewe akiwa amemshika mkono.

Wajumbe watatu ambao hawakufika siku ile wamo uani leo tunapomzika. Walikuja mapema, wakasaidia kusimamisha hema alimolazwa. Familia inawashukuru kwa dhati. Bila yeye, waliofika siku ile wamebaki watano. Wawili kati ya hawa watatu wakikosekana tena, Begaiym hana kikao. Marehemu hakudai kura zao. Alidai wakae vitini na wamsikilize Begaiym.

Ameacha mjane, Anarkul, watoto wawili, Meerim na Ulanbek, wajukuu watano, mdogo wake, Jolchu, na wanafunzi wa miaka arobaini na minne.

Udongo wa At-Bashy umwie laini kama hariri, na alale salama.

Kikao kimepangwa upya Alhamisi hii, tarehe 21 Novemba, saa nne asubuhi, chumba kilekile. Begaiym atakuwepo.