Mguu wa Mwenyekiti

MBONIMPA: Haloo! Nani huyo? Sema upesi, tuko kikaoni.

ANONCIATA: Ni Anonciata, baba. Shikamoo.

MBONIMPA: Anonciata wa wapi?

ANONCIATA: Wa Nkwenda! Binti yako! Kwani unao wangapi?

MBONIMPA: Marahaba, mwanangu. Miwani sijavaa. Nipigie baadaye, tumefika ajenda ya tatu.

ANONCIATA: Usikate, salio dogo! Nimepokea majibu ya hospitali. Ule mguu wako—

MBONIMPA: Ndiyo ajenda ya tatu. Mguu wa mwenyekiti.

ANONCIATA: Kikao cha nini hicho?

MBONIMPA: Kamati ya mnyauko. Akidi imetimia. Mutalemwa anaandika muhtasari.

ANONCIATA: Baba, hiyo ni kamati ya migomba! Mguu wako ni mgomba?

MBONIMPA: Una vidoti vyeusi. Vinundu vinapanda kila mwezi. Migomba nayo ina madoa meusi. Ndama wa jirani Mukashema ana kinundu cheusi puani. Kamati ikiona alama haiulizi ni ya nani. Tumeupiga X.

ANONCIATA: Mmeupiga nini?

MBONIMPA: X. Rangi nyekundu, kama kawaida. Juu ya ile dawa ya bluu ya ng'ombe niliyojipaka. Haikai vizuri, ila inaonekana.

ANONCIATA: Na mgomba ukishapigwa X, huwa mnafanyaje?

MBONIMPA: Tunakata. Tunazika. Panga linapita motoni kwanza. Miaka mitatu nasimamia sheria hiyo, unaijua.

ANONCIATA: Yesu na Maria! Mnataka kukata mguu?

MBONIMPA: Kuanzia kifundoni. Hatuwezi kuondoa jani tukaacha shina. Nilipiga kura ya ndiyo mimi mwenyewe.

ANONCIATA: Rudi nyumbani sasa hivi!

MBONIMPA: Siko nyumbani. Tuko kwa Xaveria. Shimo tumechimba kwake, kibanja chake cha migomba ni kitupu, nafasi ipo.

ANONCIATA: Xaveria yule mjane? Uliyemkatia migomba yote?

MBONIMPA: Huyo. Ndiye atakayekata. Nimemteua ili haki itendeke.

ANONCIATA: Baba, ondoka hapo! Huyo mama hajakusalimia miaka miwili!

MBONIMPA: Leo kanisalimia. Vizuri kabisa.

ANONCIATA: Anafanya nini sasa?

MBONIMPA: Anachoma ndizi. Anasema moto wa panga usipotee bure.

ANONCIATA: Ndizi katoa wapi?

MBONIMPA: Kanunua.

ANONCIATA: Hapo kijijini Nyaishozi? Mtu mwenye kibanja chake ananunua ndizi?

MBONIMPA: Mtandao mbaya, sikusikii—

ANONCIATA: Unanisikia sana! Haya, sikiliza. Daktari kasema ni fangasi. Fangasi weusi, wanaishi kwenye udongo na miti iliyooza. Unakumbuka kile kijiti cha kahawa kilichokuchoma, ukipogoa pekupeku nikakupigia kelele?

MBONIMPA: Zamani sana hiyo.

ANONCIATA: Waliingia hapo. Wanakwenda polepole, ndiyo maana. Kasema jamii ya fangasi hao weusi wanashika watu, wanyama, hata mimea—

MBONIMPA: Katibu, andika! Hata mimea! Daktari wa hospitali kathibitisha!

ANONCIATA: Asiandike! Mutalemwa, futa! Siyo aina moja, baba! Huyo wa mguuni kwako hahamii kwenye mgomba, wala hamwambukizi mtu. Na ukimkata hovyo kwa panga ndiyo unamsambaza. Dawa yake ni vidonge. Miezi sita, pengine mwaka.

MBONIMPA: Vidonge?

ANONCIATA: Vidonge.

MBONIMPA: Bila kukata?

ANONCIATA: Bila kukata. [mkwaruzo] Baba? Haloo? Si ufurahi basi!

MBONIMPA: Haiwezekani.

ANONCIATA: Haiwezekani nini? Unaudai nini huo mguu?

MBONIMPA: Mwanangu, hata migomba ya Xaveria ilikuwa na madoa meusi.

ANONCIATA: Si ilikuwa mnyauko?

MBONIMPA: Bwana shamba alikuja tumeshamaliza. Akaokota jani chini, akasema huu ni fangasi wa majani tu. Mngepunguza majani mabovu, basi.

ANONCIATA: Ulikosea tu, baba. Hukujua.

MBONIMPA: Mgomba wa mnyauko ukiukata shina unatoa usaha wa njano.

ANONCIATA: Najua.

MBONIMPA: Nilikata ule wa kwanza. Ukatoa maji. Maji safi kabisa.

ANONCIATA: Halafu ukaendelea?

MBONIMPA: Watu walikuwa wamejaa! Mtendaji yupo, panga liko juu, mwenyekiti nimeshahutubia! Ningesemaje? Ningesema samahani, nimeona maji?

ANONCIATA: Ungesema hivyo hivyo, baba.

MBONIMPA: Sikuweza. Nikamaliza yote. Sasa mimi nimeze vidonge, mguu wangu ubaki, halafu nipite mbele ya nyumba yake na miguu miwili? Naona aibu, Anonciata. Bora ukatwe.

ANONCIATA: Baba... mbona sauti yako inarudi mara mbili? Umeweka spika?

MBONIMPA: Huwa naweka. Sikio la kulia halisikii.

ANONCIATA: Kwa hiyo wote wamesikia?

MBONIMPA: Mutalemwa kaacha kuandika.

ANONCIATA: Na Xaveria?

MBONIMPA: Anakuja. Kaacha ndizi. Anakuja na panga. Ana— hii simu, chukua, chukua—

XAVERIA: Anonciata, hujambo?

ANONCIATA: Shikamoo, mama. Mama, tafadhali, usimkate—

XAVERIA: Marahaba. Nimkate na nini? Panga hili butu, nimelichagua mwenyewe. Halikati hata siagi.

ANONCIATA: Umesikia aliyosema?

XAVERIA: Ule mgomba wa kwanza nilikuwa nimeushika mimi, usimwangukie. Maji yalinimwagikia mpaka kiwikoni. Nilijua siku ileile.

ANONCIATA: Pole, mama. Na ukanyamaza?

XAVERIA: Nilitaka aseme yeye. Nimengoja miaka miwili. Leo kaniita nije kumkata mguu, nikasema twende tu, labda leo atasema.

ANONCIATA: Sijui nikuambie nini.

XAVERIA: Niambie hivyo vidonge vinagawiwa siku gani.

ANONCIATA: Jumatatu asubuhi.

XAVERIA: Nitampeleka mimi. Nitamwangalia akimeza, kila siku, mwaka mzima. Asidhani ataponyoka. Na hili shimo asilifukie.

ANONCIATA: Shimo?

XAVERIA: Kalichimba vizuri, lina kina cha kutosha. Kwa mguu lingepotea bure. Linafaa mgomba.

ANONCIATA: [mlio] Salio linaisha! Mpe baba!

MBONIMPA: Haloo?

ANONCIATA: Umesikia? Jumatatu! Na uvae gambuti, baba, usirudie tena pekupeku!

MBONIMPA: Nitavaa. Anonciata, hapo Nkwenda sokoni wanauza miche? Iliyo safi?

ANONCIATA: Wanauza. Mmoja?

MBONIMPA: Mmoja shimo lake tayari. Imebaki arobaini.

ANONCIATA: Arobaini? Kumbe uliihesabu uliyoikata?

MBONIMPA: Kila nikipita hapa naihesabu, mwanangu. Mwambie muuzaji aichague vi—

[Tuu. Tuu. Tuu.]