Ekseli Moja au Mbili

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, chini ya kibao chenye picha za vichwa ambavyo yeye mwenyewe hawezi kuvinyoa. Mimi ni mwashi, na nisipokuwa na kazi hukaa hapo kuwasikiliza watu wasiojua kitu wakifundishana. Alhamisi hiyo mwanafunzi alikuwa Mstaafu, karani wa zamani wa posta, ambaye kwa mwaka na nusu amekuwa akijiundia boti uani kwake, nyumba ya tatu kutoka kijiweni. Kaka yake mkubwa macho yanamwishia, na daktari amesema huenda mwakani asione kabisa. Wawili hao walikulia kando ya ziwa na wakaahidiana tangu utotoni kwamba siku moja watalivuka kwa boti yao wenyewe. Kaka mtu alikuwa anakuja Jumamosi. Boti ilikuwa tayari, kilichobaki ni tela la kuipeleka majini. Muuzaji alikuwa amemtumia picha za matela mawili ya alumini, moja la ekseli moja, yaani magurudumu mawili tu, na jingine la ekseli mbili, akamwambia achague kabla ya saa sita mchana.

MSTAAFU: Nisaidieni jamani. Nimeziangalia hizi picha tangu alfajiri mpaka zinafanana.

SPEA: Lete hiyo simu. Mimi nauza vipuri vya magari mwaka wa kumi na moja huu, hakuna ekseli inayoweza kunidanganya.

Spea aliishika simu kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akaigeuza juu chini.

SPEA: Chukua ekseli moja. Mbili zinagombana. Ukikata kona, ya mbele inataka kukata na wewe, ya nyuma bado iko kwenye barabara ya zamani.

MSTAAFU: Mbona malori yana ekseli nyingi na yanakata kona?

SPEA: Malori yamezoea.

KINYOZI: Mzee wangu, usimsikilize. Shida hapa si ekseli, shida ni alumini. Alumini nyepesi sana. Tela la boti si unalishusha mpaka majini?

MSTAAFU: Ndiyo, ndivyo boti inavyoshuka.

KINYOZI: Sasa boti inaelea, na tela nalo likielea je? Unabaki na vitu viwili juu ya maji, hujui uingie kipi.

MSTAAFU: Lakini muuzaji amesema alumini haishiki kutu.

SPEA: Kutu haishiki, ila ina mambo yake. Alumini ikikaa na bolti za chuma ndani ya maji, vinatengeneza umeme. Hilo nimelisoma.

KINYOZI: Umeme wa kuwasha taa?

SPEA: Mdogo mdogo. Wa kula bolti.

KINYOZI: Kwa hiyo kaka mtu anaingiza mguu majini, anapigwa shoti.

Mstaafu alikunja uso. Nilimwonea huruma, lakini na mimi sikutaka kuonekana nimekaa bure, nikamwambia kwamba kitu chochote kizito kinataka msingi, na kwa maoni yangu ekseli ndiyo msingi wa tela, hivyo mbili ni bora. Alinishukuru kwa heshima hata nikajiamini. Shangazi, mama anayetuuzia kahawa, alimwongezea kikombe bila kuulizwa.

SHANGAZI: Baba, mpigie huyo muuzaji umuulize yeye.

Alipiga. Tulisogea wote, tukasikia sauti ya muuzaji ikiuliza kama boti ilale juu ya roda zinazozunguka au juu ya mbao zenye zulia. Mstaafu aliomba dakika moja, akafunika simu kwa kiganja.

MSTAAFU: Anasema zulia.

KINYOZI: Zulia la nini? Boti inapokea wageni?

SPEA: Huyo anakuuzia sebule. Kata simu.

KINYOZI: Zulia likilowa linanuka, mzee wangu. Utavuka ziwa unanuka.

MSTAAFU: Zulia linabaki kwenye tela. Mimi nitakuwa kwenye boti.

KINYOZI: Ndiyo hapo sasa. Harufu inakusubiri ufukweni.

Mstaafu alimwambia muuzaji atampigia tena. Alisema kaka yake amempigia mara tatu wiki hii, na kila mara anauliza rangi ya boti, kwa sababu anataka kuikariri.

MSTAAFU: Mbili. Ekseli mbili, zulia, alumini. Imetosha.

Alipiga simu akasema hivyo hivyo, kwa sauti ya karani anayepiga muhuri. Nusu saa baadaye akaja dereva wa muuzaji kwa pikipiki, mtu mpole mwenye futi ya kupimia mfukoni. Alisema kabla ya kupakia tela huwa anakuja kuona njia kwanza.

Tulimsindikiza sote mpaka kwa Mstaafu, vikombe mkononi, kila mmoja akimweleza habari za ekseli. Tuliingia kwa kupangana, mmoja mmoja, kwenye mlango wa uani. Boti ilikuwa pale, ya bluu, imepakwa vizuri mno. Dereva aliisifu. Akapima upana wake, mita mbili kasoro. Akarudi akapima mlango, futi tatu. Akautazama ukuta uliozunguka ua wote, akazunguka nao mpaka akarudi alipoanzia.

DEREVA: Samahani wazee wangu. Boti itatokea wapi?

Ukuta ule niliujenga mimi miezi mitano iliyopita, boti ikiwa imeshafika nusu. Niliweka ubao wangu juu ya boti hiyo nipate kufikia tofali za juu. Kinyozi alinisaidia kubeba maji, Spea ndiye aliyetafuta mlango, na Mstaafu alitaka ukuta uwe mrefu ili mbao zake zisiibwe. Siku tatu tulikaa humo ndani tukizungumzia ziwa.

Spea alianza kusema kitu kuhusu kuipitisha boti kwa ubavu, akaacha. Mstaafu aliweka kiganja ukutani akasema taratibu kwamba kaka yake anakuja keshokutwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikampa Shangazi kikombe chake, nikaenda nyumbani kuchukua nyundo kubwa. Ule ukuta nilikuwa nimeuwekea saruji ya kutosha na nondo kila kona, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijuta kwamba siku zile sikumwibia mteja.