Ufunguo Alioondoka Nao Venance

Kijiwe cha kahawa pale sokoni Ifakara kina wajuzi wengi kuliko Chuo Kikuu cha Mlimani kizima, sema tu hawajaajiriwa. Asubuhi hiyo ya mwaka tisini na tisa walikuwa wamemkalia Ponsiano. Kaka yake, Venance, karani wa mradi wa utafiti wa mbu wa malaria, alizikwa Jumamosi. Shingoni alikuwa na rozari na kidude cha plastiki, ufunguo wa kuchomeka kwenye kompyuta. Ndani yake mna cheti kinachoiambia mashine kwamba huyu ndiye Venance mwenyewe. Wazee walioosha maiti walidhani ni medali ya mtakatifu. Wakamzika nayo, padre akainyunyizia na maji ya baraka. Sasa mradi unataka kaburi lifukuliwe. Gari lao lilikuwa hapo mbele, sepetu nyuma, dereva Hilary akingoja Ponsiano atamke ndiyo. Akitamka, kazi ya kaka yake ni yake.

— Fukua, mwanangu, alisema Injinia, fundi redio ambaye redio ikiingia kwake ndiyo kwaheri. Bila cheti kile, majibu ya damu za watoto hayaendi Ulaya.

— Si wampe mtu mwingine cheti kipya? aliuliza Kamanda, mgambo mstaafu.

— Wewe vyeti vya kuzaliwa unavyo vingapi?

— Sina hata kimoja, na nipo!

— Ndiyo maana hakuna mashine inayokujua.

Kijiwe kikacheka. Ponsiano hakucheka.

— Kile kidude kinasaini chenyewe huko chini, Kamanda akaendelea. Mtasikia Venance kapandishwa cheo.

— Kamanda, acha. Yule ni kaka yangu.

Lakini moyoni alikwishaiona ofisi, feni, shati safi. Misimu miwili mpunga wake wa kule bondeni Mofu umekwenda na maji. Neno ndiyo lilikuwa limefika kwenye meno.

Ndipo akatokea Digna, mjane wa Venance, kajitanda kanga nyeusi.

— Shikamoo, Kamanda.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Hakukaa. Alilizunguka gari, akaligusa boneti.

— Hilary, hili gari ni zima?

— Zima kabisa, dada.

— Malaria ilipompanda Venance kichwani nilituma mtu ofisini kwenu. Mkasema gari halipo. Tukambeba kwa baiskeli, akakata roho njiani. Lilikuwa wapi?

Hilary akainamia usukani. Injinia akakohoa.

Ponsiano akainuka.

— Twende nyumbani, shemeji.

— Sasa mimi ofisini nikasemeje? Hilary akauliza.

— Kaseme Ponsiano hayupo.