Habibo Hared na Ukurasa Usio na Picha

Tarehe 30 Juni, Bi. Habibo Hared anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika Ushirika wetu wa Habari za Wafugaji hapa Garissa. Wengine wetu tulidhani atatuzika sote ndipo aende nyumbani. Vijana wa ofisi humwita Eeddo, yaani shangazi, na si kwa mapenzi tu. Shangazi ndiye atakayekukosoa mbele za watu, kisha akuulize kama umekula.

Aliajiriwa kuchora mabango ya matangazo kwa brashi na rangi. Ushirika ulipoamua kufungua tovuti, alitumwa Nairobi kusomea kazi hiyo, akarudi na cheti na msimamo mmoja: tovuti ya wafugaji haihitaji picha hata moja, herufi zitabeba kazi yote. Tulicheka, wallahi. Tovuti bila picha? Si afadhali harusi bila nyama!

Yeye hakucheka. Alitukumbusha simu za watu wetu wa Hadado na Ijara: kioo kimepasuka, bando ni la kubahatisha, na jua la saa saba linapiga usoni. Picha hukwama nusu na kumaliza bando. Herufi nene nyeusi juu ya weupe mtupu hufunguka mara moja na kuonekana hata ukiwa umesimama katikati ya ngamia.

Kisha akaupanga ukurasa jinsi sisi wenyewe tunavyoulizana habari. Mtu akitoka safarini hatumwanzii na bei ya mbuzi. Tunamuuliza amani, halafu mvua, halafu maji na malisho. Kwa hiyo habari ya amani ilipewa herufi kubwa kuliko zote, nyingine zikafuata kwa kupungua, na bei za soko zikakaa mwisho, ndogo. Wachuuzi wa mifugo walipokuja juu, Habibo aliwauliza kama hata mama zao huwaamkia kwa bei.

Na kwa kuwa kwetu mmoja hushika simu na wengine husikiliza, alitaka kila mstari usomeke kwa pumzi moja. Alitusomesha kwa sauti ofisini mpaka makoo yakakauka. Yarrow wa uhasibu alikuwa na mafua siku hiyo, na pumzi yake ndiyo iliyotupatia mistari mifupi tuliyo nayo hadi leo.

Si kila kitu kilikwenda sawa, na Habibo mwenyewe ametuonya tusiandike kana kwamba kilikwenda. Mwaka ule wa ukame mkali, pampu ya kisima kimoja upande wa Wajir iliharibika. Aliandika jina la kisima kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa ndogo, kwamba hakina maji. Kwenye simu ndogo lile jina lilijaa kioo kizima, onyo likabaki chini pasipoonekana. Watu waliona jina, wakaswaga mifugo. Mzee Kulow wa Hadado alifika na mbuzi wake akakuta birika la kunyweshea ni kavu. Wengi walimfia njiani akirudi.

Habibo hakutuma pole kwa simu. Alipanda pikapu hadi Hadado, akaketi mbele ya Mzee Kulow na jamaa zake, akasema kosa ni lake, si la mtandao wala la pampu. Aliporudi hakuvua hata shela, alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Tangu siku hiyo hali hutangulia na jina hufuata: HAKUNA MAJI, kisha ndipo unaambiwa wapi.

Januari mwaka huu bodi iliamua kwamba Habibo akiondoka, ukurasa wake uondoke naye. Tungepata mpya, wenye picha kubwa zinazojibadilisha zenyewe na viongozi wakikata utepe. Mwenyekiti wetu Abdiwahab, mtu mwema ila kamera anaipenda, alisema ule wa sasa unafanana na tangazo la msiba. Mimi nasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini nani aliniuliza?

Habibo aliomba kitu kimoja: mkutano wa uamuzi ufanyike uani, adhuhuri, kila mjumbe afungue mfano wa ukurasa mpya kwenye simu yake. Weee! Watu wazima walijifunika makoti kichwani wakitafuta kivuli cha kusomea. Uso wa kiongozi mkata utepe ulifunguka hadi kwenye nyusi, ukagoma. Hata hivyo bodi haikulegea. Mjumbe mmoja alisema wafugaji na wanunue simu bora.

Hapo Mzee Kulow, aliyekuja kwa niaba ya wafugaji, aliomba kusema. Huyu ndiye aliyefilisiwa na ukurasa huo huo. Alisema hajawasahau mbuzi wake na hatawasahau. Lakini mama huyu alikuja kuketi mbele yake, na tangu hapo husomewa ukurasa kila asubuhi na hajapeleka tena mnyama penye ukavu. Akauliza: picha zikimpoteza, nani kati ya wajumbe atakuja Hadado kumtazama usoni? Abdiwahab alifunga simu yake na kusema ukurasa ubaki.

Wahenga walisema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi. Basi kwa Habibo, Idi ilifika.

Wiki iliyopita pampu nyingine iliharibika. Idil, anayemrithi, ndiye aliyeandika tangazo. Habibo alisimama nyuma yake, akalisoma mara mbili, akachukua mkoba wake na kwenda kuswali. Hakusahihisha hata herufi moja.

Eeddo Habibo, Allah akujalie afya, umri wa heri na usingizi usiokatizwa na simu zetu. Asante kwa kila mnyama aliyefika kwenye maji.