Kibao cha Kocha na Miaka Thelathini na Saba ya Leland Kubicek

Ijumaa tarehe 29 Mei 2026, saa tisa alasiri, Bwana Leland Kubicek atakabidhi funguo kumi na nne za Idara ya Viwanja, Chuo Kikuu cha Ardell, baada ya kuzining'iniza kiunoni kwa miaka thelathini na saba na miezi miwili. Aliajiriwa Jumatatu tarehe 6 Machi 1989. Theluji ilikuwa imeziba mlango wa ofisi ya uajiri, kwa hiyo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzoa theluji ili aweze kuingia kuandikwa jina.

Kila aliyewahi kukaa katika uwanja wetu wa mpira wa Kimarekani anaifahamu kazi yake hata kama hamfahamu yeye. Mistari ile myeupe, kila yadi tano, ni mkono wake. Huvuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, hupiga magoti kuikagua kwa jicho moja, ndipo huanza kupaka. Mwaka 2009 chuo kilinunua mashine ya kuchora mistari kwa kufuata mwanga wa leza. Leland aliisifu sana, akawa anaitumia kubebea chupa yake ya kahawa.

Amewahi kukosea mara moja. Oktoba 1996 uwanja wetu ulikuwa na mstari wa yadi arobaini mara mbili upande mmoja, na wa thelathini haukuwepo kabisa. Aliyegundua ni kocha wa wageni, mchezo ukiwa umeshaanza. Picha ya siku hiyo imebandikwa ndani ya banda lake la rangi hadi leo, na kila kibarua mpya huonyeshwa kabla hajapewa brashi.

Lakini nikiandika habari za Leland bila kuitaja wiki ya kwanza ya Desemba 2018, watu wa Ardell watanirudishia karatasi hii. Nimefungua daftari langu la mwaka ule ili nisije nikaongeza chumvi.

Mwaka huo timu yetu, Makorongo, ilishinda michezo tisa. Kocha Garland Pruett alikuwa na miaka minne nasi, na mwezi Agosti alikuwa amesimama mbele ya mashabiki kwenye karamu ya kufungua msimu akasema, "Mimi nitazeekea hapa." Watu walipiga makofi, lakini kwa tahadhari. Kocha aliyemtangulia alisema vilevile Jumanne moja ya mwaka 2014, na Jumatano akaonekana kwenye televisheni amevaa kofia ya chuo kingine. Leland ndiye aliyepanda ngazi kukishusha kibao chenye jina lake kwenye nafasi yake ya maegesho, na kibao kile hakikurudi. Tangu siku hiyo mji mzima ulijifunza kuamini kibao kuliko maneno.

Jumapili tarehe 2 Desemba redio ilitangaza kwamba chuo kikubwa cha kusini kinamtaka Pruett. Pruett mwenyewe alikuwa safarini kutafuta wachezaji wa shule za sekondari, na simu yake ilikuwa imezimwa. Vijana kumi na tisa walikuwa wameahidi kuja kwetu na walibakiza majuma mawili kutia saini. Kama kocha angeondoka, wangeondoka naye, na kazi ya miaka minne ingekwisha kabla ya Krismasi.

Leland hakusikiliza redio. Jumatatu ya kwanza ya Desemba, kila mwaka, yeye hushusha kibao cha kocha ili akipake upya kabla chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu haijaanza kukila. Hupaka mkono wa kwanza wa rangi Jumatatu, wa pili Jumanne, na Alhamisi kibao hurudi. Basi Jumatatu ile, saa mbili na dakika tano asubuhi, alifungua boliti nne, akakiweka kibao kwapani na kuondoka zake.

Dusty Rademacher, muuza matairi, alikuwa anapita na gari lake la mizigo. Akapiga picha ya nguzo tupu. Kufikia saa tano picha ile ilikuwa imefika hadi kwa askari wetu walioko ng'ambo.

Mimi ndiye niliyekuwa napokea simu za idara. Siku hiyo nilipokea mia moja na kumi na mbili. Mwanamume mmoja hakunisalimu. "Mama, niambie ukweli tu," alisema. "Nina moyo mbovu, lakini niambie." Mwingine alisema, "Mwambieni huyo Pruett aniletee mwenyewe fulana aliyonisainia. Nataka kuichoma mbele yake." Mke wake alisikika nyuma akisema, "Utachoma nini, nawe umeivaa?"

Jumanne asubuhi mkurugenzi wa michezo, Bwana Sorensen, alishuka hadi kwenye banda la rangi. Nilikuwepo, nimepeleka hati za Leland za kusaini. Sorensen hakuwa amelala.

"Leland, kaka yangu, kirudishe kile kibao. Sasa hivi."

"Rangi haijakauka."

"Hata kama haijakauka! Wafadhili wananipigia. Wazazi wa wale vijana wananipigia. Kibao kikionekana pale, watu watatulia."

"Kocha kakwambia anabaki?"

Sorensen akaitazama simu yake, akairudisha mfukoni.

"Basi kumbe hujui," Leland alisema. "Mimi pia sijui. Nikikirudisha leo nitakuwa nimewaambia watu jambo nisilolijua. Alhamisi ndiyo siku yake. Kitarudi Alhamisi."

"Na kama ameondoka?"

"Nitakishusha tena. Ni boliti nne tu."

Sorensen alimwonya kwamba kukataa agizo kutaandikwa kwenye faili lake. Leland akamwomba aangalie mkono wa koti, kwa sababu alikuwa anaegemea rangi.

Maneno hayo yalitoka nje ya banda, nasikitika kusema, kupitia kwangu. Niliyarudia mkahawani wakati wa chakula cha mchana. Hadi jioni "rangi haijakauka" ilikuwa kinywani mwa kila mtu, na kila mtu aliielewa anavyotaka. Wengine walisema mzee anajua kwamba kocha anakwenda, anaona haya kusema. Wengine walisema anajua anabaki. Hakuna aliyekubali kwamba rangi ilikuwa haijakauka.

Mkahawani meza zilijitenga. Waliokata tamaa walikaa upande wa dirisha, wenye imani wakakaa karibu na jiko, na mhudumu aliyekuwa akipeleka bakuli za maharage ya nyama na mikate ya mdalasini alilazimika kuapa mbele ya kila meza kwamba hana upande. Rademacher alisimama katikati na simu yake mkononi.

"Nawaambieni, ndege ndogo imetua hapa leo asubuhi. Namba yake ninayo. Imetoka kusini!"

"Hiyo ni ndege ya daktari wa ng'ombe, Dusty," mtu alimjibu. "Hutua kila Jumanne."

"Haya, chekeni. Mwaka 2014 mlicheka hivihivi."

Hapo kicheko kilikatika. Bi Arlene Vondra, mwenye umri wa miaka themanini na moja, ambaye kiti chake cha mstari wa yadi hamsini hakijawahi kukaliwa na mtu mwingine tangu mumewe alipofariki, aliweka kijiko chini. "Mimi yule wa 2014 nilimpikia," alisema. "Alikula mezani kwangu Jumapili, akaomba aongezewe. Siwezi kupitia hayo tena."

Jumatano ilikuwa mbaya zaidi. Tulifika kazini tukakuta mlango wa banda la Leland umeandikwa MSALITI, kwa herufi kubwa, kwa rangi nyeupe iliyoibwa kwenye mapipa yake mwenyewe. Nilidhani atakasirika. Alirudi nyuma hatua tatu, akafunga jicho moja.

"Angalau wangevuta kamba," alisema.

Kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Hakutoka kwenda kula. Marjorie, mkewe, alinipigia saa tisa kuuliza kama ni kweli amesimamishwa kazi. Mtu alikuwa amemsimamisha dukani, mbele ya foleni, akamwambia mumewe ameuza timu. Niliukaribia mlango wa banda, nikasikia sauti ya msasa ndani, taratibu, nikageuka. Alikuwa na miaka saba bado ya kuwekeza kwenye pensheni yake, na faili lake lilikuwa mezani kwa Sorensen.

Alhamisi tarehe 6 Desemba, saa moja na nusu asubuhi, baridi ilikuwa kali kiasi cha kuuma meno. Nilihesabu watu kwenye maegesho nikaacha nilipofika mia mbili. Waliketi kwenye mikia ya magari yao ya mizigo, wamejifunga mablanketi ya buluu ya Makorongo. Hakuna aliyeimba. Rademacher hakupiga picha.

Saa mbili na dakika tano mlango wa banda ulifunguka. Leland alikuja na ngazi begani na kibao kwapani, kimefungwa taulo. Watu walimpisha. Alipanda. Alifungua taulo: PRUETT, nyeupe juu ya buluu, mpya kama mkate uliotoka jikoni. Akakaza boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mtu mmoja akaanza kulia kwa sauti, na hapo umati ukalipuka. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Sorensen, dirishani, alishika kichwa. Wote walidhani wamepewa jibu.

"Jamani, nimepaka rangi tu," Leland alisema akiwa juu ya ngazi. Nilimsikia mimi na labda watu wanne.

Ni katika kelele hizo gari la Kocha Pruett lilipoingia.

Kelele zilikufa. Gari lilisogea hadi mbele ya nafasi yake na kusimama, nusu barabarani, injini ikiunguruma. Kioo kilikuwa na ukungu, tukawa tunaona mikono yake tu juu ya usukani. Daftari langu linasema dakika nne. Hatukujua wakati huo, lakini alikuwa ametua saa kumi na moja alfajiri, na mkataba wa kusini ulikuwa kwenye kiti cha pembeni, haujatiwa saini wala kuchanwa. Alikuwa amekuja kuchukua vitu vyake ofisini kimyakimya, au kuviacha. Amesema mwenyewe hadharani kwamba hakuwa ameamua.

Leland alishuka, akakunja ngazi na kuiondoa njiani ili gari liweze kupita. Hakumpungia mkono wala kumtazama.

Bi Vondra ndiye aliyetembea hadi kwenye gari, akiburuta blanketi, akagonga kioo kwa pete yake.

"Kocha," alisema, "ama uende ama upaki. Sisi tunaganda hapa."

Kioo kilishuka kidogo. "Bi Arlene, sijui niseme nini."

"Sijakuomba useme. Ulishasema Agosti. Paki gari, mwanangu."

Pruett alitazama kibao. Akatazama mlango wa banda kule nyuma, ambapo neno lile lilikuwa bado linasomeka. Akauliza nani ameandika vile, na kwa sababu gani. Bi Vondra akamweleza kwa ufupi: mzee aliambiwa arudishe kibao ili watu watulie, akakataa kusema asilolijua. Kocha akafikicha macho. Kisha akakata usukani, akaingiza gari katika nafasi yake, na kuzima injini.

Saa nne asubuhi hiyohiyo alionekana mbele ya banda na ndoo ya rangi ya kijani ya mlango, akilifunika neno lile. Rademacher alikuwa kando yake na brashi nyingine. Hajawahi kukiri chochote, na Leland hajawahi kumuuliza. Alimsogezea kamba tu. Ile karatasi ya onyo ya Sorensen haikuingia kwenye faili; mkurugenzi aliitumia kuweka kikombe cha kahawa, na alama ya duara bado naiona.

Vijana kumi na saba kati ya kumi na tisa walitia saini. Pruett yupo nasi hadi leo, msimu wake wa kumi na mbili unakuja. Ameshapata ofa nyingine mbili. Kila Jumatatu ya kwanza ya Desemba kibao hushushwa, na hakuna tena anayepiga picha. Alhamisi watu kadhaa hupita pale asubuhi, wakijidai wana shughuli.

Februari mwaka huu, tulipokuwa tunahesabu vifaa vya kukabidhi, nilikuta nyuma ya rafu ubao wa ukubwa uleule, umepigwa msasa ukawa laini kama sahani, hauna jina. Nilimuuliza. Alisema aliukata ile Jumatano, mlango ukiwa umefungwa. "Kama angeondoka, angekuja mwingine," alisema. "Naye angehitaji mahali pa kupaki." Hicho ndicho alichokuwa akikifanya siku ambayo mji mzima ulimwita msaliti.

Leland, kwa miaka thelathini na saba umeegesha gari lako nyuma ya ghala la chumvi, ukisema nafasi za mbele ni za watu wenye majina. Ubao ule hatukuuorodhesha. Kocha Pruett aliuchukua Jumatatu wiki hii, akaandika KUBICEK kwa mkono wake mwenyewe, bila kamba. Herufi zinateremka kuelekea kulia na K imeinama kama mlevi. Mkono wa pili ulipakwa Jumanne. Umefungwa Alhamisi kwa boliti nne, kando ya kibao chake, na utabaki pale. Tunakuomba usiurekebishe.

Asante kwa mistari iliyonyooka, na kwa siku tatu za mwaka 2018. Wewe na Marjorie tunawatakia afya, usingizi wa asubuhi, na Desemba zisizo na ngazi. Jumamosi za mpira zikifika, usizunguke nyuma.

Rangi imekauka. Paki gari, ndugu yetu.

Norma Tietjen
Karani, Idara ya Viwanja